Nta Niliyoifuta kwenye Kalibu ya Boneti

Kaloleni, Arusha
Jumapili, saa kumi jioni

Elibariki,

Wewe na baba yako mmepanda mlimani tangu mchana kumuaga bibi, na ninavyomjua bibi hatawaachilia mpaka mle ndizi zake, mwombewe, kisha mle tena. Kwa hiyo nina muda. Sanduku lako la Nairobi nimelifunga. Habari za sweta, za dawa ya homa na za kutokula hovyo njiani umezisikia kwa shangazi zako watatu, na kila mmoja alizisema kana kwamba ndiye aliyezibuni. Mimi naziruka.

Nina jambo moja, nalo nisipoliandika leo nitalisema kesho kituoni basi likiwa linanguruma, nawe utaitikia "Sawa, Mwalimu" bila kulisikia. Jambo lenyewe ni hili. Ile boneti ya kwanza iliyoganda kwenye kalibu ikavunjika haikuganda kwa kosa lako. Nta uliipaka. Uliipaka mara nne kama kitabu kilivyosema, na kila mara uliisugua kwa flaneli mpaka ikang'aa. Mimi ndiye niliyeifuta.

Nimeandika. Sasa unaweza kuikunja barua hii ukaitia motoni, na sitakulaumu, ila nakuomba uisome mpaka mwisho, maana kosa lenyewe lina mizizi, na mizizi yake usingeiona, kwa kuwa ulikuwa umeinama juu ya kazi.

Nianze na namna nilivyompenda baba yako. Najua kijana hapendi kusoma haya. Yasome hivyo hivyo.

Alikuja shuleni kwetu kunyoosha mlango wa jiko kubwa la bati ambalo wasichana wangu huokea mkate. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nyumbani Machame walikuwa wameacha kuniuliza nitaolewa lini, sasa walikuwa wakinihurumia tu. Nilikuwa nimesoma sekondari kule Tabora, na nilidhani mapenzi yanapatikana kwenye vitabu vya Kiingereza peke yake. Basi akaja mtu huyu mwenye ovaroli la buluu, akapiga magoti mbele ya jiko, akaligonga kwa ukucha, akatega sikio kama daktari. Akasema, "Mwalimu, bati hili halijavunjika. Limenuna tu."

Elibariki, nikawa nimekwisha! Sikusikia tena kengele ya saa nne. Alikuja mara tatu zaidi kuangalia mlango ambao ulikuwa mzima kabisa, na wasichana wakaanza kuimba darasani, "Mwalimu, jiko limenuna tena, tumwite fundi?" Mara ya nne alileta chungwa moja, amelifunga kwenye kitambaa cha kupangusia magari, akanipa. Lilikuwa linanuka petroli. Nililila lote, na maganda nikayaweka.

Ninakwambia haya ili ujue nilivyoingia nyumbani mwenu. Sikuingia kama mtu aliyepata kazi ya kupika. Niliingia nikiwa naelea. Hata leo, miezi saba baada ya arusi, nikisikia hatua zake uani moyo wangu hugonga kama nyundo yake ya mbao. Mwanamke wa namna hiyo ni mtu wa hatari, na hakuna aliyekuonya.

Watu walidhani nitamwonea wivu marehemu mama yako. Shangazi yako mkubwa alinivuta pembeni siku ile ile ya arusi, shela bado kichwani. "Bibi arusi," akasema, "picha ya marehemu uiache pale pale ukutani." Niliiacha, na vumbi lake nalipangusa mwenyewe kila Jumamosi, nawe umeniona. Mama yako hajawahi kunisumbua. Hajawahi kumtoa baba yako kitandani alfajiri. Aliyemtoa ni boneti.

Unakumbuka gari la Bwana Robati lilivyoletwa, yule Mzungu wa shamba la kahawa karibu na Usa. Masika yalikuwa yamelizamisha kwenye tope pale Makumira mara tatu, na mara ya tatu ng'ombe wanane walilivuta likatoka bila madigadi. Alikuwa amesoma kwenye gazeti kwamba Ulaya sasa wanatengeneza bodi za magari kwa plastiki, kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholoweshwa gundi kikakauka kikawa kigumu kama mfupa na chepesi kama kibuyu. Akaagiza pipa la gundi, marobota ya kitambaa, chupa za dawa ya kugandisha, na kitabu kidogo cha maelezo. Akasema anataka boneti na madigadi yote manne ya plastiki, ili siku nyingine akizama vijana wawili waliinue gari kwa mikono.

Tajiri wa gereji, Bwana Mohinder, hakutaka harufu ile mbele ya wateja wake. "Zefania," alimwambia baba yako, "wewe fundi ya bati. Sasa nataka shona gari nguo? Peleka nyumbani kwako." Basi likaja kwetu, kwenye banda la nyuma, na Mama Salimu jirani akaja kusimama mlangoni mikono kiunoni.

"Gari la plastiki!" akasema. "Likikaa juani si litayeyuka kama mshumaa?"

"Mama Salimu," baba yako akamjibu, "jua likiwa kali hivyo, gari litakuwa la mwisho kuyeyuka. Wa kwanza tunamjua."

Tulicheka mpaka machozi, sote watatu. Wiki zile za mwanzo zilikuwa zangu, Elibariki. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza kigumu, na nyumba nzima ni mimi tu niliyeweza kukisoma chote. Kila jioni mlinikalia mbele, wewe na yeye, viwiko mezani, nami nasoma sentensi moja kwa Kiingereza kisha naieleza. Baba yako alikuwa ananitazama mdomo. Akasema siku moja, mbele yako bila haya, "Mke wangu, ukisoma hivyo hata gundi inaganda yenyewe." Nilidhani nitapasuka kwa furaha.

Tulipofika kwenye nta ya kupaka ndani ya kalibu, lile umbo la kulazia kitambaa, hamkuelewa. Ukaniuliza, "Mwalimu, kalibu ni safi, tunaipaka nta ya nini tena? Si tunaichafua?" Nikaenda jikoni nikaleta bati langu la kuokea mkate. Nikakwambia, kalibu ni bati hili, na boneti ni mkate. Ukimimina unga bila kupaka mafuta, mkate unashika, utautoa vipande vipande. Nta ndiyo mafuta. Ulilishika lile bati ukaligeuza, ukasema, "Kumbe!" Ile "kumbe" yako niliipenda sana. Nilijiona nimezaa.

Lakini kitabu kina mwisho. Kilipokwisha, nikawa nimekwisha pamoja nacho. Mlikuwa mmekishika kichwani, na mlikuwa mmeanza kujua mambo ambayo kitabu hakikuyasema. Kwamba baridi ya mlima ikishuka gundi inachelewa. Kwamba brashi ya manyoya ya mbuzi inaacha nywele. Mkaanza kuzungumza kwa vipande vipande, kama watu waliokulia kitanda kimoja. "Pale puani?" "Bado." "Tabaka la tatu?" "Kesho." Nikiuliza puani ni wapi, baba yako ananijibu kwa upole, "Ni mbele ya boneti, mpenzi," kisha anakugeukia wewe kuendelea. Ule upole ndio ulionichoma. Mtu hupewa upole anapokuwa mgeni.

Niliionea wivu boneti ile kama mtu anavyomwonea mke mwenziwe. Mkono wake ulikuwa unaipapasa ule mkunjo wa mbele, polepole, macho amefumba, akitafuta kibonde ambacho jicho halikioni. Mimi nasimama na sahani ya chakula kinachopoa. Nilijiambia, mkono ule ni wangu, nimeufungia ndoa kanisani. Na wewe nilikuonea wivu zaidi. Boneti haicheki. Wewe ulikuwa unacheka naye.

Hata kufua kulinigeuka. Unakumbuka wiki ile sote tulipojikuna? Nilifua ovaroli lake pamoja na shuka zangu za arusi, zile alizonipambia mama yangu kwa nyuzi za waridi. Vumbi la kioo likaingia ndani ya shuka. Tulilala siku tatu tunajikuna kama mbwa wa sokoni, na baba yako akasema, "Labda ni kunguni," nami najua si kunguni, ni yule mwenzangu wa bandani ameingia mpaka kitandani. Nililia bafuni. Kisha nikatoka nikacheka nanyi.

Sasa ile Jumamosi.

Tangu arusi baba yako alikuwa ameniahidi kunipeleka Ziwa Duluti, sisi wawili, tukazunguke ziwa kwa miguu mpaka jioni. Ilikuwa imeahirishwa mara tatu. Jumapili ile ndiyo ilikuwa yenyewe. Nilikuwa nimeshona gauni la maua ya manjano, nimelitundika mlangoni ili kila akipita alione. Mchana mkaingia ndani, wewe mikono yako inang'aa nta, uso wako unang'aa zaidi.

"Nta imekamilika," baba yako akasema. "Mara nne! Kijana huyu ana mkono. Na anga ni zuri. Kesho baada ya ibada tunalaza kitambaa."

Nikasema, "Kesho ni Duluti."

Akalitazama gauni. Haki ya Mungu alilitazama. Akasema, "Mke wangu, ziwa halihami."

Na wewe, kwa utani tu, ukasema, "Tena lina maji tu, Mwalimu. Hata hapa bombani yapo."

Mkacheka. Nikacheka. Mkaenda gereji kuazima brashi mbili.

Mimi ni mwalimu wa upishi. Najua kitu gani kinatoa mafuta kwenye bati. Nilichemsha maji, nikatia magadi kiganja kizima na kipande cha sabuni, nikachukua kitambaa, nikaingia bandani. Nilisugua pale mbele, pale mnapopaita puani, sehemu ya ukubwa wa sinia. Sikufikiri kuivunja. Nataka uliamini hilo, ingawa sina haki ya kulitaka. Nilifikiri mtakuja, mtaona pamefifia, mtasema, "Aa, nta imetoka," na itabidi mpake upya mara nne na kungoja, na Jumapili itakuwa yangu. Siku moja tu niliitaka.

Lakini nilipotazama nilichofanya, nikaogopa. Palikuwa pameparara kama goti la mtoto. Nikaona aibu mkinikuta. Nikavua upande wa kanga yangu nikapakausha, nikapasugua mpaka pakang'aa sawa na kwingine. Ule mng'ao wa kanga ndio ulioivunja boneti. Bila huo mngeona. Mpaka leo sijui kwa nini sikuishia pale kwenye kufuta, na kila nikiwaza nadhani ni hivi, nilitaka siku yangu, lakini zaidi ya siku yangu nilitaka kuendelea kupendwa na nyinyi wote.

Nilingoja muone. Baada ya ibada mkaingia bandani, wingu la mlima limeshuka, ndani giza. Wewe hukukagua, maana uliuamini mkono wako, na ulikuwa na haki ya kuuamini. Nikasikia mnakoroga gundi. Nilisimama jikoni. Nilikuwa na muda wa kusema, Elibariki. Nilihesabu tabaka la kwanza, la pili. Ningeweza kuita, "Ngojeni!" Nilikata vitunguu.

Jumanne mliposhika kuitoa, nilikuwa kizingitini. Pembeni ilitoka vizuri, ikaachia kwa sauti ya busu. Mbele haikuachia. Baba yako akapenyeza kabari za mbao, akamimina maji, akagonga taratibu. Akasema, "Njoo, mama, njoo," kama anabembeleza mbuzi. Kisha ikalia. Uliusikia mlio ule. Boneti ikapasuka puani, na kalibu ikapasuka nayo. Kazi ya wiki sita.

Baba yako hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akapangusa mikono, akauliza, "Mbele hapa ulipaka?"

"Nilipaka, Baba. Mara nne."

"Uliona mwenyewe?"

"Niliona."

Akaokota kipande, akakigeuza, akakunusisha ule upande uliokuwa umeshikana. "Hapa hapana nta," akasema.

Ukaitazama mikono yako. Kisha ukasema neno ambalo silisahau. Ukasema, "Labda nilidhani nimepaka."

Hilo "labda" nimelibeba miezi miwili. Kabla yake ulikuwa kijana anayefunga mlango mara moja akaenda zake. Tangu siku ile nimekuona unarudi kuushika mlango uliokwisha kuufunga. Nimekuona unainusa taa kuhakikisha umeizima. Juzi ulihesabu bisibisi mara tatu, na zote zilikuwepo, na bado hukuondoka kwa amani. Nilikunyang'anya kitu ambacho fundi hawezi kununua dukani, kuyaamini macho yake mwenyewe. Nami nilikupikia uji kila asubuhi kama mama mwema.

Boneti ya pili ilitoka safi, lakini nta aliipaka baba yako peke yake, nawe ulimshikia taa. Siku Bwana Robati alipokuja kulichukua gari, watu wa Kaloleni walijaa uani. Baba yako aliinua boneti kwa vidole viwili, Mama Salimu akapiga vigelegele akadai yeye alijua tangu mwanzo. Nilikutazama wewe. Ulikuwa unapiga makofi nyuma ya watu. Mahali pako palikuwa pale mbele.

Kisha ikaja habari ya Nairobi, ile karakana wanayotengeneza bodi za plastiki za magari ya mashindano, na mwenye karakana hiyo, baada ya kuliona gari la Bwana Robati, akamwambia baba yako amlete kijana wake. Nilifurahi sana, na nikuambie ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza, nilifurahi kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwa ajili yako. Ya pili, kwamba unaondoka. Nyumba itakuwa yangu na yeye. Nililala usingizi mzuri siku ile, Mungu anisamehe.

Juzi baba yako akaandika barua utakayompa fundi mkuu. Kwa kuwa ni mtu wa haki alitusomea mezani kabla ya kuifunga. Kwamba wewe ni mwaminifu, una nguvu, husugua msasa vizuri. Na ule mstari, "Ila naomba kwa mwaka wa kwanza asiachiwe kalibu, maana nta ilimshinda hapa kwangu." Mwaka mzima wa kusugua msasa, wenzako wakilaza kitambaa! Nilikungoja ukatae. Ungesema neno moja la hasira, huenda ningekufa ganzi nikanyamaza milele. Lakini ulisema, "Ni haki, Baba." Ukaendelea kula.

Ndipo nilipojua kwamba nisiposema, utakwenda kuwa mtu mwingine, na mtu huyo nitakuwa nimemtengeneza mimi, bandani, kwa maji ya magadi.

Sina mafundisho mengi. Nilidhani barua ya namna hii huwa na mafundisho, nikakaa nayatafuta, yakaja machache, tena ya mtu aliyeanguka. Wivu nilidhani ni ishara ya mapenzi makubwa, hata nilikuwa najivunia. Nilikuwa najiambia, tazama ninavyompenda, siwezi kumgawa hata na boneti. Sasa naona wivu haukunionyesha hata mara moja nilichokitaka. Nilitaka kuingia bandani. Hilo tu. Ningesema, "Nipeni brashi, nami nataka kulaza tabaka," mngenipa, mngenicheka, ningejipaka gundi kwenye nywele, na ingekuwa Jumapili nzuri kuliko Duluti. Sikusema kwa sababu nilitaka niitwe. Nilikaa jikoni nikingoja kuitwa na watu ambao walidhani nimechoka, wakaniacha nipumzike.

Utapenda, na utapenda mno, maana una moyo wa baba yako. Siku ukijikuta unasimama mlangoni na sahani mkononi, unachukia kitu kisicho na uhai kwa kuwa kinashikwa na mkono unaoupenda, nikumbuke mimi. Ingia. Hata kama utaonekana mjinga.

Na lingine hili. Ukipaka nta, paka, tazama, kisha ondoka. Usirudi mara ya pili kwa ajili yangu. Jicho lako lilikuwa sahihi siku ile. Liliona nta kwa sababu nta ilikuwepo. Kama ikitokea tena kazi ikakuharibikia, tafuta sababu kwenye baridi, kwenye dawa, kwenye kitambaa, hata kwa watu, kabla hujajiambia "labda nilidhani". Hapa mimi nimekuwa fundisho baya, lakini ni la kweli. Wakati mwingine ni mtu.

Baba yako bado hajui. Nimeanza na wewe kwa kuwa wewe ndiye niliyekudhulumu. Nimekaa tangu juzi nikitafuta njia ya kukuambia bila yeye kujua, nikaona hakuna, maana barua aliyoandika ipo kwenye mfuko wa koti lake, na ni yeye tu anayeweza kuiandika upya. Ninaogopa, Elibariki. Miezi saba mtu huyu amenitazama kila asubuhi kama mtu aliyekuta shamba lake limechanua usiku. Hajui kwamba mke wake aliyemsomea kitabu ndiye aliyeingia bandani na magadi. Nikisema, naweza kulikosa lile jicho. Nisiposema, nitakuwa nalipokea kila asubuhi kwa wizi, nawe uko Nairobi unasugua msasa kwa ajili yake.

Sikuombi unisamehe kabla ya basi. Basi ni la asubuhi, na msamaha una mwendo wake. Chukua hasira yako uende nayo, ipite Oldonyo Sambu, ivuke Namanga, itumie ukitaka. Ukiona inafaa kuniandikia, niandikie habari za kazi. Niambie huko nta yao ni ya namna gani.

Nawasikia. Mmefika kwenye kona ya Mama Salimu, amewasimamisha anauliza kama bibi ametoa ndizi. Baba yako anacheka, kile kicheko cha kutoka tumboni anachocheka akiwa na wewe, ambacho mimi bado sijakipata, na wivu umenipanda sasa hivi hivi, kalamu ikiwa mkononi. Haujaisha. Nilidhani kuandika kungeuondoa.

Chakula kipo, kitangoja. Nitakupa barua hii uisome hapa hapa, mezani, naye akiwa amekaa, na nitasema mwenyewe kwa mdomo wangu kabla hajavua koti. Karatasi safi na wino nimeviweka mbele ya kiti chake. Naenda kuwafungulia mlango.

Ndeshi